Jinsi ya kulishika neno exult lisikuchanganye tena na exalt

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza huku Ngamiani, Tanga, na kila mwaka neno hili linaangusha wanafunzi wazuri kabisa. Mtu anataka kusema mashabiki walishangilia bao, anaandika walifanya exalt, na akifungua kamusi inampa "furahi sana" basi, hapo hajasaidika kitu. Sasa fanya hivi.

Kwanza iache hiyo "furahi sana", weka kichwani mtu anayeruka. Neno limetoka Kilatini, kule kuruka walisema salire, ukitanguliza ex yenye maana ya kutoka nje unapata kuchupa, kuruka juu. Afu Warumi walikuwa na namna yao ya kuonyesha kitendo kinachorudiwarudiwa, sisi tunasema ruka halafu rukaruka, wao wakabadilisha mkia wa kitenzi ikawa exsultare, yaani ni rukaruka yetu kabisa! Waingereza wakalichukua karne ya 16, na mwanzoni lilibeba hadi ile maana ya kuruka kwa miguu, baadaye miguu ikatulia ikabaki roho ndo inaruka. Ile s ya Kilatini ilishamezwa na x, usiiandike.

Ukitaka picha nenda uwanja wa Mkwakwani siku Coastal Union, timu yetu ya mpira hapa Tanga, wanacheza. Wazee wa hapa bado wanasimulia ubingwa wa ligi wa 1988, na kuna siku nilikaa nyuma ya mmoja wao, mpira umegusa nyavu tu mzee kashasimama anaruka, kofia yake ya viua ikaja kuangukia miguuni kwangu, ndala moja ikamtoka na bado anaruka na ule mguu mtupu, mikono juu, hata sauti haitoki. Huyo ndo exult. Jirani yake aliyekaa anatabasamu alikuwa anafurahi tu, huyo mpe rejoice inamtosha.

Exalt ni ukoo mwingine, imetoka kwa altus, kitu kilicho juu, ndo maana mwinuko wa mlima unaitwa altitude. Exalt ni kumkweza mtu, kumtukuza, na lazima awepo wa kukwezwa. Exult haina mtendwa, unaruka mwenyewe. Kwenye kutamka, exult sema igzalt, a yake fupi, exalt ni igzoolt, ivute hiyo o. Rudia kwa sauti hata mara kumi, wala usione aibu.

Kwenye sentensi, They exulted in their victory ni sawa, walirukaruka kwa ushindi wao, na at pia inakubali. Ila over iangalie sana, exult over somebody ni kumringia uliyemshinda, kumchezea pale pale alipoanguka, kwa hiyo usije ukaiweka kwenye barua ya pongezi. Na hapo ndo utaona undugu wake na insult, maana ni salire ile ile, in mbele yake ni juu ya mtu, kwa hiyo insult asili yake ni kumrukia mtu, kama vile sisi huku tunavyosema "nimemsalimia vizuri tu, kanirukia".