Somo: Kukamua na kuhifadhi maziwa ya mama unaporudi kazini, na joto letu la Pwani

Asalaam aleikum kina mama. Likizo ya uzazi kwa sheria ya Kenya ni miezi 3. Mtoto naye anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, hadi miezi 6. Inabaki miezi 3 katikati isiyo na mwenyewe, na hapo ndipo kopo la maziwa ya unga linapoingia nyumbani. Mara nyingi si kwamba mama hana maziwa. Mama hayuko tu.

Mimi nakaa Langoni, mjini Lamu, kazi yangu iko Mokowe, ng'ambo ya bara, kila siku ni boti kwenda na kurudi. Nyinyi wa Malindi toeni boti muweke matatu au tuktuk, mengine ni yale yale. Haya ninayoandika ndiyo niliyofuata kwa mtoto wangu wa pili.

HATUA YA 1: Anza wiki mbili tatu kabla ya kurudi kazini

Usianze jana yake. Na pia usianze mwezi mzima mbele ukakamua usiku na mchana kama unayetaka kufungua duka. Watu wanaonyeshana picha za friza zilizojaa mifuko ya maziwa mpaka mama mwenye vikopo viwili anajiona hana kitu. Unachohitaji ni maziwa ya siku ya kwanza na akiba kidogo ya dharura, boti ikichelewa au bahari ikichafuka kusi. Baada ya hapo ni mzunguko: ya Jumatatu atakunywa Jumanne, ya Jumanne atakunywa Jumatano, na ya Ijumaa yanamsubiri Jumatatu.

Wakati mzuri ni asubuhi, mtoto akishamaliza kunyonya. Siku za mwanzo utapata kijiko, vijiko viwili, na utavunjika moyo. Hicho si kipimo cha maziwa yako. Mwili umezoea mdomo wa mtoto, bado haujauzoea mkono. Ziwa hutengeneza kadiri linavyotolewa. Likijaa likaachwa limejaa, mwili unapata habari kwamba haya yametosha, na unapunguza.

HATUA YA 2: Jifunze mkono kabla ya kununua pampu

Pampu ina faida yake, hasa ile ya umeme kwa mwenye haraka. Lakini ina mipira na vibomba vya kuoshwa kila mara, na stima ikikatika umebaki nayo mapajani. Mkono hauhitaji chaji. Mimi ningesema jifunze mkono kwanza, pampu uamue baadaye.

Osha mikono kwa sabuni. Kaa vizuri, uegemee. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya ziwa dakika chache, kisha lipapase polepole kutoka nje kuelekea kwenye chuchu. Kumtazama mtoto au kunusa nguo yake kunasaidia kweli: maziwa hushuka kwa homoni ya oksitosini, na hiyo huja mama akitulia, na hukwama akiwa na hofu au maumivu.

Sasa kidole gumba kiwe juu na cha shahada chini, nyuma ya chuchu kwa upana wa vidole viwili hivi. Wengi ndipo wanapokosea hapa, wanaminya chuchu yenyewe. Chuchu haina maziwa, utajiumiza bure. Sukuma vidole kwanza kuelekea kifuani, halafu vibane pamoja, halafu achia. Sukuma, bana, achia. Usitelezeshe vidole juu ya ngozi, na ikiuma jua umekosea mahali. Dakika moja mbili huenda pasitoke kitu, kisha matone, kisha ghafla inaruka mistari. Ikipungua, zungusha vidole upande mwingine wa ziwa, au hamia ziwa la pili baada ya dakika 3 hadi 5, kisha rudia. Yote ni kama dakika 20 hadi 30 ukishazoea.

HATUA YA 3: Kiasi gani umwachie

Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunywa kwa wastani mililita 750 hivi kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Kwa hiyo mililita 30 kwa kila saa utakayokuwa mbali ni hesabu inayotosha wengi. Ukitoka saa 1 asubuhi ukarudi saa 10 jioni, ni saa 9, yaani mililita 270 hadi 300. Yagawe kwenye vikopo vidogo vya mililita 60 hadi 100. Usiweke yote kwenye chombo kimoja, maana atakayoyaonja akayabakisha hayarudi frijini: yakae saa 2 tu, akikataa yamwagwe. Na kumwaga maziwa uliyoyakamua kwa tabu kunauma, nawaambia.

HATUA YA 4: Joto na barafu

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, kwa sababu maelekezo mengi yameandikwa kwa watu wa baridi. Utaambiwa maziwa yanakaa mezani saa 4. Ndiyo, lakini kwa joto lisilozidi digrii 25. Kaskazi ikivuma, Februari na Machi, ni chumba gani Lamu au Malindi kina digrii 25 mchana? Kwa hiyo usihesabu hizo saa 4 kama haki yako. Ukimaliza kukamua, funika, weka kwenye ubaridi papo hapo.

Mimi hubeba boksi dogo la kuhifadhia baridi, lile la mfuniko wa kubana. Chini na pembeni naweka chupa za soda za nusu lita nilizojaza maji na kuyagandisha usiku. Katikati vikopo vya maziwa, juu kitambaa kilichokunjwa mara nne kuziba uwazi, maana hewa ikibaki ndani barafu inayeyuka upesi. Likijaa barafu hivyo, maziwa yanakaa salama hadi saa 24. Ndani ya boti naliweka chini ya miguu, kivulini, na nalifunika na leso maji ya bahari yakirusha. Usilifungue kila saa kuangalia.

Huna friza? Barafu ya wauza samaki inafaa, na inapatikana alfajiri. Ila haikutengenezwa kwa ajili ya kunywa, kwa hiyo vikopo vifungwe vizuri ndani ya mfuko, barafu iwe nje, isiguse mdomo wa kikopo.

Nyumbani, friji inaweka maziwa siku 4. Yaweke ndani kabisa nyuma, si mlangoni ambako kila mtoto anafungua kutafuta maji baridi. Kile kisanduku cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja, usizidishe wiki 2. Friza yenye mlango wake, miezi 6 ndiyo bora. Acha nafasi juu ya chombo, yakiganda yanapanda. Bandika kipande cha plasta uandike tarehe. Na maziwa ya moto moto usiyamimine juu ya yaliyokwisha poa. Yapoze kwanza, kisha uchanganye.

HATUA YA 5: Maelekezo ya anayebaki na mtoto

Yaliyoganda yashushwe chini frijini usiku, au kikopo kitiwe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Yasiwekwe motoni, wala kwenye maikrowevu, ambayo huacha sehemu moja baridi na nyingine ya kuunguza ulimi. Yaliyoyeyukia frijini, yakishayeyuka yote yatumike ndani ya saa 24. Yakishatiwa kwenye maji ya uvuguvugu au kutolewa nje, ni ndani ya saa 2. Na hayagandishwi tena. Yaliyotoka frijini si lazima kupashwa moto kama mtoto anayakubali.

Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, kwa sababu ya usafi. Chupa ina pembe na chuchu yake inaficha uchafu. Kikombe unakisugua ukaona mpaka chini. Mtoto apakatwe amekaa wima kidogo, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni tu. Atayafuata mwenyewe kwa ulimi. Asimiminiwe.

HATUA YA 6: Kazini

Kamua kila baada ya saa 3 hivi. Na ujue haki yako: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, chenye faragha, mahali pa kunawa mikono, friji na kiti, na kisiwe chooni. Tena inakupa mapumziko ya kazi hiyo nje ya muda wa chakula, hadi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi. Ofisi nyingi hazina. Mimi nilimwendea mkubwa wangu kabla ya kuondoka likizo, si siku niliyorudi ziwa limejaa na hasira juu, nikaomba ufunguo wa stoo ya karatasi. Nikaupata.

Usiku mnyonyeshe kadiri atakavyo. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, huwa juu zaidi usiku.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama Nasra, Malindi: Dada, mimi niko jikoni hotelini, naingia saa 12 asubuhi natoka saa 10. Friji ipo ya nyama tu na mpishi mkuu hataki kusikia habari ya maziwa yangu humo.

Jibu: Shoga, maziwa ya mama ni chakula, hayana tofauti na maziwa ya ng'ombe aliyoyaweka humo yeye mwenyewe. Lakini usigombane mapema. Hoteli haikosi barafu. Omba barafu, weka boksi lako mahali pa kivuli, uongeze kila ukiiona imeyeyuka. Ukishatulia kazini, ndipo uzungumze na meneja habari ya sheria niliyoitaja.

Mama Swabra, Shela: Wangu ana miezi 4, kikombe hataki, chupa hataki. Dadangu akimpakata analia mpaka nirudi.

Jibu: Ukiwemo ndani ya nyumba hatakubali, anakunusa. Toka kabisa. Na asingojewe mpaka njaa imkolee. Dadako ajaribu mtoto akiwa ndiyo kwanza anaamka. Watoto wengine hunywa kidogo tu mchana kisha hulipiza usiku kucha. Ukiona anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito unapanda kwenye kitabu cha kliniki, hana neno. Mkojo ukipungua au akilegea, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo.

Bibi wa Matondoni: Mimi ndiye nibakiye na mjukuu. Maziwa aloniachia mwanangu yalikuwa rangi ya maji chini, juu mafuta. Nimeyamwaga nikajua yameoza.

Jibu: Shikamoo bibi. Hayo juu ni malai yake, hujitenga yakikaa. Kizungushe kikopo polepole yatarudiana. Yakioza utajua kwa pua, yananuka uchachu. Yaliyoganda pengine hunuka kama sabuni kidogo. Hayo hayana madhara, ila mtoto mwingine hukataa.

Mama Feisal, Malindi: Na joto hili kweli mtoto asipewe hata kijiko cha maji?

Jibu: Hata kijiko. Maziwa yako karibu sehemu 9 kati ya 10 ni maji. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na maji unywe wewe. Maji humjaza tumbo akaacha kunyonya, na yakiwa si safi humletea kuhara.

Mwana Amina, Mkomani: Mama mkwe aniambia nikitoka juani nikamue ya kwanza nimwage, yamepata jua.

Jibu: Maziwa hayaharibiki ndani ya ziwa, uwe umetoka juani, shambani au kwenye boti. Mtoto anyonye moja kwa moja. Kwa mama mkwe sema kwa upole tu. Mimi wangu nilimpeleka kliniki akasikia kwa muuguzi, nikapumzika kubishana. Ule uji wake wa pilipili manga usiukatae lakini, una raha yake.

Mama Rukia, Shela: Ziwa moja limekuwa gumu, jekundu, na jana nilipata homa. Niache kunyonyesha upande huo?

Jibu: Usiache. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto, na kuyaacha yakae kunaongeza shida. Mnyonyeshe kama kawaida, kisha weka kitambaa cha baridi, usilikande kwa nguvu. Lakini homa ikiwepo na wekundu, nenda hospitali leo, huenda ukahitaji dawa, na dawa ambayo anayenyonyesha anaruhusiwa ipo. Waambie unanyonyesha.

Mama Khadija, Malindi: Akifika miezi 6 naacha kukamua?

Jibu: La. Anaanza uji mzito, viazi vya kuponda, samaki aliyetolewa miiba sawasawa, lakini mpaka atimize mwaka nusu ya nguvu zake au zaidi bado inaweza kutoka kwenye maziwa. Utakachoona ni kwamba mchana atahitaji kidogo kuliko zamani. Mimi nilipunguza mara moja moja: kwanza nikaacha kukamua kule kwa saa 4 asubuhi, nikangoja ziwa lizoee, ndipo nikaacha kwa saa 7. Ukiacha yote kwa pamoja utarudi hapa na swali la Mama Rukia.