Namna ya Kujiandaa kwa Utafiti wa Baada ya Uzamivu: Kuthibitisha Programu za Kumbukumbu ya Kudumu

Anayetaka nafasi ya utafiti katika uwanja huu asianze na barua ya maombi, bali aanze na programu ya mistari miwili: wa kwanza unaandika 42 katika kigeu «data», wa pili unaandika 1 katika kigeu «tayari», na vyote viwili vimo katika kumbukumbu isiyopoteza kitu umeme unapokatika. Je, kompyuta ikiwashwa tena inaweza kukuta «tayari» ni 1 ilhali «data» bado ni 0? Kwenye prosesa za Intel inawezekana, iwapo vigeu hivyo vimekaa katika mistari tofauti ya kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ambayo hupotea umeme unapokatika), kwa kuwa kila mstari wa baiti 64 hushuka kwenye kumbukumbu kwa wakati wake. Vikikaa katika mstari mmoja, haiwezekani.

Sasa weka amri ya CLWB kwa «data», ifuatwe na SFENCE (amri inayozuia maandishi yanayofuata hadi ushushaji ukamilike), ndipo «tayari» iandikwe. Kisha iondoe SFENCE na utafute hatua ambayo hoja yako inavunjika: CLWB huagiza mstari ushushwe, lakini haisubiri. Asiyeweza kulieleza hilo kwa kalamu na karatasi hatasaidiwa na Coq (sasa Rocq) wala Isabelle, programu za kukagua uthibitisho kwa kompyuta.

Baada ya hapo soma modeli ya Px86, yaani maelezo ya kihisabati ya jinsi prosesa za Intel zinavyohifadhi data katika kumbukumbu ya kudumu, iliyochapishwa mwaka 2020, ukiirudia programu yako kwa kanuni zake. Ongeza uzi wa pili (mfululizo wa amri unaoendeshwa sambamba na wa kwanza), maana hapa ndipo penye ugumu wenyewe: uzi huo unaweza kusoma thamani iliyo bado kwenye kache, ukaitegemea na kuhifadhi matokeo yake, kisha umeme ukakatika na thamani ya awali ikapotea. Vilevile thibitisha utaratibu wa kurejesha hali baada ya umeme kurudi, ukikumbuka kwamba nao unaweza kukatizwa katikati na kulazimika kuanza upya. Kwa maoni yangu, sehemu hii ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Katika usaili jiandae kuulizwa kwa nini ujishughulishe na jambo hili wakati Intel ilitangaza mwaka 2022 kuachana na Optane, bidhaa yake ya kumbukumbu ya kudumu. Jibu ni kwamba kiwango cha CXL, cha kuunganisha prosesa na kumbukumbu na vifaa vingine, nacho kinaruhusu kumbukumbu ya kudumu. Hata mashine ambazo kache yake hushushwa yote kwa nishati ya akiba hazikuondolei kazi, kwani muamala (kundi la maandishi yanayopaswa kufanyika yote au yasifanyike kabisa) uliokatizwa katikati bado huacha data nusunusu.

Pendekezo la utafiti liwe na swali moja tu, kwa mfano kuthibitisha foleni inayotumiwa na nyuzi nyingi. Liambatanishe na faili ya uthibitisho mdogo uliokamilika, unaokubaliwa na mashine bila dai lolote lililoachwa wazi, na ueleze kwa aya moja ni amri ipi ya kushusha kache uliyojaribu kuiondoa na nini kikatokea.