Wakulima wa Tabora, acheni kuzidisha pande mbili kwenye shamba lililopinda

Jamani mvua za Novemba haziko mbali na bado naletewa karatasi zilezile za vipimo vya mashamba, Uyui, Sikonge, Urambo kote ni hivohivo, mtu kapima upana wa mwanzo wa shamba na upana wa mwisho, kapiga wastani, kazidisha na urefu, basi anasema ekari zimepatikana. Shamba likiwa limenyooka pande zote hamna shida. Ila mengi ya kwetu yanafuata ukingo wa mbuga au njia ya ng'ombe, yanabanwa katikati au yanatanuka, na hiyo hesabu haijui kabisa kilichopo katikati.

Angalia shamba la urefu wa mita 120, upana wa mwanzo mita 62, wa mwisho 58. Wastani 60, mara 120, unapata mita za mraba 7,200, karibu ekari 1.78. Sasa pima upana kila baada ya mita 20, unakuta 62, 60, 48, 40, 44, 52, 58. Ukikokotoa kipande kwa kipande, yaani wastani wa upana mbili zinazofuatana mara mita 20, halafu ukajumlisha vipande vyote, eneo ni 6,080, yaani ekari 1.5 tu! Kama unaweka mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wa kilo 50 kwa ekari umenunua kilo 14 zaidi, trekta umelilipia ekari ambazo halikulima, vibarua wa palizi vilevile. Afu ukivuna gunia 18 unajiona umepata 10 kwa ekari, kumbe ni 12, unaacha mbegu nzuri ukidhani haizai.

Kwenye Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu, ya kompyuta au ya simu, safu A andika umbali: 0, 20, 40 mpaka 120, kuanzia mstari wa pili. Safu B upana wa kila umbali. Kwenye C3 andika =(A3-A2)*(B2+B3)/2 halafu vuta chini mpaka C8. C9 weka =SUM(C3:C8), hizo ni mita za mraba, na C10 weka =C9/4047 upate ekari. Tafadhali sana msiandike "62m" ndani ya kisanduku, namba tupu, hiyo m iwe kwenye kichwa cha safu, mnaandika m afu mnanipigia kwamba fomula imekataa. Na ekari ni mita za mraba 4,047, sio mita 70 kwa 70! Hiyo 70 ilikuwa ya hatua za miguu, ukiipima kwa futi kamba unapata 4,900, ni ekari 1.21, mbolea ya ekari moja hapo haitoshi.

Ukimaliza chora chati, usiruke hii. Chagua safu A na B, nenda Insert, chukua Scatter yenye mistari iliyonyooka. Sio Line! Line inapanga vipimo kwa nafasi sawa hata kama ulipima mita 20, kisha 35, kisha 80, na mara nyingi inakuchorea umbali wenyewe kama mstari wa pili, picha inakuwa ya uongo. Kwenye Scatter ukiona mchongoko ambao shambani haupo, ujue kuna namba umekosea kuandika, rudi kaipime.

Kupima kwenyewe ndio kunawaangusha wengi. Mstari wa urefu uwe umenyooka kwa kamba na vigingi, sio kufuata mpaka unavyojipinda. Upana upimwe kwa pembe mraba kutoka kwenye kamba, tumia pembetatu ya kamba yenye pande za mita 3, 4 na 5 kupata hiyo pembe, ipo pale upande wa 3 unapokutana na wa 4, maana ukienda mshazari upana unaongezeka wenyewe. Futi ivutwe ikaze na ilale sawa juu ya matuta, isipande na kushuka nayo, kwenye shamba la tumbaku hilo kosa nimeliona sana. Mpaka unapokata kona ghafla ongeza kipimo hapohapo, hata kama ni mita 7 tu toka kipimo kilichopita, fomula inakubali. Kama pande zote mbili zimepinda, pitisha kamba katikati ya shamba, pima kushoto na kulia, jumlisha ndio uandike safu B.

Pimeni Oktoba, shamba likishasafishwa na kabla trekta halijaingia, na kabla hujaenda kutaja ekari zako kwenye mbolea ya ruzuku. GPS ya simu kwa shamba la ekari moja mbili msiitegemee, inaweza kukosea mita tano na hapo kila upande wa ekari ni kama mita 64 tu.

Chati ikifanana na shamba na ukirudia kupima tofauti ikawa ndogo, umepata. Faili lipe jina la shamba na mwaka, na mkikata au kuongeza hata kipande kidogo pimeni upya upande huo.