Somo: Kuzibuliwa mshipa wa moyo kupitia tundu la mkononi, hatua kwa hatua

Wanachama wenzangu, wengi mmeuliza mgonjwa anafanywa nini akishaambiwa mshipa wa moyo umeziba. Naandika nikiwa hapa Mwanza, kama mgonjwa niliyepitia, si kama daktari. Watu wanaogopa sana kile chumba chenye mtambo. Naona hofu hiyo ingefaa zaidi ielekezwe kwenye maandalizi, na kwenye vidonge vya baadaye.

Hatua ya 1: Vipimo na rufaa

Nilianzia kliniki ya moyo Bugando, kule kilimani: kipimo cha umeme wa moyo, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na damu. Hapo nikapewa rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyo eneo la Muhimbili. Mwenye bima ahakikishe fomu yake ya rufaa imejazwa na kugongwa muhuri kabla hajakata tiketi ya basi au ndege.

Kwenye majibu ya damu, ulizia kreatinini. Inaeleza hali ya figo. Dawa wanayokuchoma ili mishipa ionekane kwenye eksirei hutolewa na figo, na zikiwa dhaifu daktari anatakiwa ajue mapema, akuongezee maji na apunguze kiasi cha dawa.

Hatua ya 2: Sema kila unachomeza

Tia dawa zako zote kwenye mfuko, uende nazo. Anayetumia dawa ya kuyeyusha damu aseme. Mwenye kisukari anayemeza metformini aulize kama aisimamishe, maana wengine huambiwa wakae bila kuimeza kwa siku kama mbili baada ya kipimo. Na miti shamba usiifiche, tafadhalini. Mganga alikupa unga wa mizizi? Utaje. Daktari hakugombezi, anataka kujua damu yako itaganda vipi. Kama umewahi kuvimba au kuwashwa baada ya sindano ya eksirei, hilo liseme la kwanza kabisa.

Hatua ya 3: Siku yenyewe

Hutakula kwa saa kadhaa, kwa kawaida kama 6. Utanyolewa kifundo cha mkono na kinena, kwa sababu mkono ukikataa watapitia pajani. Pete, saa na hereni mwachie ndugu.

Hatua ya 4: Mezani

Hupigwi nusu kaputi. Uko macho, unaongea nao.

Kabla ya yote, daktari alinibana mishipa miwili ya kifundo cha mkono kwa vidole vyake mpaka kiganja kikapauka, kisha akaachia mmoja na kuangalia wekundu unavyorudi. Anataka kujua kama mkono utaendelea kupata damu hata mshipa anaoutumia ukipata tatizo. Halafu ikaja sindano ya ganzi. Hiyo inauma, sikufichi, lakini ndiyo iliyoniuma kuliko vyote vilivyofuata.

Mpira mwembamba unapanda mkononi mpaka kwenye moyo na huusikii. Ile dawa ya eksirei ikiingia utasikia joto linateremka mwili mzima hadi kibofuni, na utaamini umejikojolea. Hujajikojolea. Wakikwambia vuta pumzi uibane, ibane, ndipo picha itoke safi.

Palipoziba wanapitisha waya, kisha puto dogo linajazwa ili kusukuma mafuta pembeni. Kwa sekunde chache kifua kinaweza kubana kama ulivyozoea. Waambie. Puto likilegezwa, mbano unaachia, na pale wanaacha stenti, kibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa usijifunge tena.

Hatua ya 5: Wodini

Mkononi utavishwa bangili ya plastiki iliyojazwa hewa, na nesi ataipunguza kidogo kidogo. Kiganja kikifa ganzi au vidole vikawa vya bluu, ita. Aliyepitishiwa pajani hulala chali saa kadhaa bila kukunja mguu. Kunywa maji mengi, isipokuwa kama daktari amekuwekea kipimo. Damu ikichuruzika ukiwa nyumbani, gandamiza kwa nguvu na uite msaada.

Hatua ya 6: Vidonge

Hapa naomba msome polepole. Utapewa aspirini na klopidogreli, vidonge vya kuzuia damu isigande. Stenti ni chuma kigeni, na damu hupenda kuganda juu yake mpaka mwili utakapoifunika. Klopidogreli wengi huimeza miezi 6 hadi 12, na aspirini mara nyingi ni ya maisha. Mtu akijisikia mzima anaacha, au zikiisha anasubiri apate hela. Stenti inaweza kuziba ghafla, na huko ni kushikwa na moyo upya, yaani mshtuko wa moyo. Nunua kabla hazijaisha. Ukibanwa kifedha, heri uahirishe deni jingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Ukerewe: Shikamoo baba. Mimi mvuvi, nitarudi lini kuvuta nyavu?

Marahaba mwanangu. Mkono uliotobolewa usinyanyue mzigo kwa takribani wiki moja. Lakini kama moyo ulishakushika, mapumziko ni marefu zaidi, na ruhusa ya kurudi ziwani aitoe daktari wako.

Wa Igoma: Jino linaniuma na natakiwa kuling'oa. Nisimamishe klopidogreli?

Usiisimamishe mwenyewe. Mwambie daktari wa meno una stenti, awasiliane na wa moyo.

Wa Sengerema: Mama amezoea dagaa wa chumvi na samaki wa kukaanga. Aache samaki?

Samaki asiache. Sato wa kuchemsha au wa kuchoma ni chakula kizuri kwake. Apunguze chumvi na mafuta ya kukaangia, na dagaa waliotiwa chumvi awaache.

Aliyeomba asitajwe: Naona aibu kuuliza. Dawa za nguvu za kiume je?

Umeuliza vema, ndugu yangu. Ukiwa umepewa nitroglisirini, kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi, usizitumie kabisa. Zikikutana, presha inaweza kushuka hadi kuua. Na zile za mitaani za "asilia" baadhi huchanganywa dawa hizohizo bila kuandikwa. Kama umeshameza na kifua kikabana, usiweke kidonge chini ya ulimi. Kimbia hospitali, na cha kwanza kumwambia daktari kiwe ulimeza nini na saa ngapi.