Moduli za saketi: jinsi ya kuzitengeneza, kuzipima moja moja na kuziunganisha

Umeshawahi kukaa na bredibodi iliyojaa nyaya, ukigusa waya mmoja kifaa kinawaka, ukiondoa mkono kinazima? Hapo hujui kosa ni la waya, la sensa au la programu. Mimi niliachana na mtindo huo. Sasa kila sehemu ya saketi naiweka kwenye kibao chake, yenye konekta ya aina moja, ili nikikwama niichomoe na kuipima peke yake.

Tutatumia mfano wa kituo kidogo cha hali ya hewa. Bodi kuu ni ESP32, kompyuta ndogo ya chipu yenye WiFi. Moduli ni nne: BME280 ya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, saa ya DS3231, kioo kidogo cha OLED, na INA219 ya kupima umeme wa betri. Zote zinazungumza kwa I2C, yaani nyaya mbili za mawasiliano (SDA ya data na SCL ya mapigo ya saa yanayoongoza data) zinazotumiwa na wote, pamoja na nyaya mbili za umeme.

Hatua ya 1: Andika mpangilio kabla hujashika pasi ya kulehemu

Chukua karatasi. Andika mpangilio wa pini, volti, na anwani ya kila moduli, yaani namba inayoitwa nayo kwenye I2C. Mimi natumia GND, 3.3V, SDA, SCL, ambao ndio mpangilio wa Qwiic, mfumo wa konekta wa kampuni ya SparkFun. Siku nikinunua moduli yao, nabadilisha kichwa cha kebo tu. Kwenye verobodi (kibao chenye matundu cha kulehemia) naweka konekta za JST XH, zile za milimita 2.5. Kwa pini nne zinaingia vizuri kwenye matundu ya 2.54, na haziingii kinyume. Pini tupu zisizo na kinga usizitumie kabisa. Usiku ukiwa umechoka utazichomeka kinyume tu.

Anwani zetu ni hizi: BME280 ni 0x76 au 0x77, OLED kwa kawaida 0x3C, INA219 ni 0x40, DS3231 ni 0x68. Hazigongani. Lakini ukitaka kuongeza MPU6050 ya kupima mtikisiko, nayo huanzia 0x68 kama saa, hivyo itabidi pini yake ya AD0 uipeleke 3.3V ili ihamie 0x69. Mambo kama haya ni bora uyagundue kwenye karatasi.

Jihadhari pia na vioo vya OLED. Vipo viwili vinavyofanana kama mapacha, kimoja pini zake zinaanza na GND, kingine zinaanza na VCC. Soma maandishi ya kila kimoja, hata kama umevinunua siku moja.

Hatua ya 2: Umeme kwanza, bila moduli hata moja

Bodi nyingi za ESP32 zinakuja na regyuleta, yaani chipu ya kushusha na kutuliza volti, ya AMS1117. Kwa umeme wa USB haina neno. Kwa betri moja ya lithiamu haifai: inahitaji takriban volti 1.1 zaidi ya zile inazotoa, yaani kama 4.4, wakati betri iliyojaa ina 4.2. Isitoshe, yenyewe inakula miliampea kadhaa hata ESP32 ikiwa imelala. Kwenye bodi yangu ya umeme naweka AP2112K ya 3.3V, ambayo inatoa hadi miliampea 600, na kapasita ya maikrofaradi 470 karibu kabisa na pini za ESP32. WiFi ikiwaka, ESP32 huvuta umeme kwa mkupuo. Volti zikizama inajizima na kujiwasha, na utaona maneno "Brownout detector was triggered" kwenye kompyuta.

Ukipima ampea kwa multimita, tumia tundu la 10A. Tundu la miliampea lina rezista ndani inayopunguza volti, na WiFi ikivuta, ESP32 itajizima. Utabaki unatafuta kosa lililoletwa na mita yenyewe.

Hatua ya 3: Tengeneza bodi ya kupimia

Tenga ESP32 moja iwe ya kupimia tu. Iwekee soketi moja na programu hii ya MicroPython (lugha ya Python kwa chipu ndogo):

```
from machine import Pin, I2C
i2c = I2C(0, scl=Pin(22), sda=Pin(21), freq=100000)
print([hex(a) for a in i2c.scan()])
print(hex(i2c.readfrom_mem(0x76, 0xD0, 1)[0]))
```

Mstari wa tatu unaorodhesha anwani zinazoitika. Wa nne unasoma namba ya utambulisho ya chipu, na huo mstari umeniokoa pesa. Niliwahi kununua sensa zilizoandikwa BME280. Joto lilisomeka vizuri, unyevu haukusomeka kabisa. Nilibadilisha programu, nikabadilisha kebo, nikalehemu upya. Nilipokuja kusoma rejista ya 0xD0, ambako namba hiyo hukaa, ikajibu 0x58. BME280 halisi hujibu 0x60. 0x58 ni BMP280, ambayo haina kabisa sehemu ya kupima unyevu. Siku hizi sensa haiingii kwenye boksi langu kabla haijajibu 0x60.

Ikijibu, isome mara 10,000 mfululizo huku ukihesabu makosa. Moduli nzima haikosei hata mara moja kwenye kebo fupi. Matokeo na tarehe yaandike kwenye kipande cha utepe, ukibandike nyuma ya kibao.

Neno moja kuhusu DS3231: moduli nyingi za bei nafuu zina njia ya kuchaji betri yake. Ukiweka CR2032, ambayo haichajiwi, na ukalisha moduli volti 5, unaichaji kwa nguvu. Ng'oa ile diodi ya kuchajia.

Hatua ya 4: Unganisha moja baada ya nyingine

Hapa ndipo moduli zilizofaulu zote zinapoanza kugoma zikiwa pamoja. Hilo likitokea, usirudi kuilaumu moduli. Angalia vitu zinavyochangia, yaani umeme na laini za data.

Kwenye I2C, chipu inaweza kuivuta laini chini tu. Kuirudisha juu ni kazi ya rezista inayounganisha laini na 3.3V. Moduli za dukani karibu zote zinakuja na rezista hizo. Kwa mfano, rezista tano zenye om 4,700 kila moja zikiwa sambamba zinakuwa om 940, wakati kwa 3.3V kiwango cha chini kwa chipu ya kawaida ni kama om 967. Chipu zinalazimika kuvuta kwa nguvu kuliko zilivyoahidiwa.

Upande wa pili ni kebo ndefu. Kebo ina ukapasita wake, na laini inapanda polepole. Muda wa kupanda ni 0.85 × R × C. Kwa om 10,000 na pikofaradi 200 unapata nanosekunde 1,700, wakati kwa kasi ya kilohezi 100 mwisho ni 1,000. Weka om 4,700, unapata 800, umepita. Kwa hiyo naondoa rezista kwenye moduli zote na kuweka jozi moja tu kwenye bodi kuu. Jumla ya ukapasita isizidi pikofaradi 400.

Ukiweza, pata analaiza ndogo ya njia 8, kifaa cha kurekodi ishara za nyaya, na programu ya PulseView ili uone mazungumzo yenyewe: nani ameitwa, nani ameitika.

Hatua ya 5: Visumbue

Viweke juani. Vitikise. Acha betri ishuke. Kisha chomoa moduli katikati ya kusoma na uirudishe. Mara nyingine mawasiliano yote yanakufa, na kubonyeza reset ya ESP32 hakusaidii. Pima SDA: utakuta imekwama kwenye volti 0. Kuna moduli iliyokatizwa ikiwa katikati ya kutuma biti, nayo bado ina umeme, inasubiri mapigo ya saa ambayo hayaji. ESP32 imeanza upya, moduli haijui.

Dawa ni kwamba programu, kabla ya kuanzisha I2C, ikikuta SDA iko chini ipige SCL mara 9. Moduli inamaliza baiti yake na kuiachia laini. Mistari hiyo naiweka kwenye kila kifaa ninachopeleka mbali. Ikishindikana hata hapo, bodi yangu ya umeme ina mosfeti (swichi ya kielektroniki) inayokata 3.3V ya moduli zote kwa sekunde moja, ESP32 ikiwa macho, kisha inairudisha na kuorodhesha anwani upya.