Jingo ya redio: kutoka jina la kituo hadi hewani

Jingo ya redio ni jina la kituo lililotiwa kwenye tuni. Mengine yote, yaani ngoma, kinanda, waitikiaji na vishindo vya kompyuta, yapo kulisindikiza jina hilo. Jingo nyingi mbovu zimetengenezwa kinyumenyume: prodyuza anatafuta biti kali, anatunga tuni juu yake, kisha jina la kituo linabanwa mahali palipobaki nafasi. Inatoka sauti tamu, lakini msikilizaji ukimuuliza ni ya kituo gani hajui. Kwa hiyo hapa tunaanza na jina, na biti inasubiri.

Tamka kabla ya kuimba

Andika jina la kituo, masafa na kaulimbiu, kisha uviseme kwa sauti kama mtangazaji anavyovisema kila siku. Piga mstari chini ya kila silabi inayobeba mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na silabi hizo ndizo zinazopaswa kuangukia mapigo yenye nguvu ya muziki.

Tuchukue kituo cha mfano, Redio Fulani, kwenye masafa ya 98.5. Jina linasomeka re-DI-o fu-LA-ni. Masafa yanasomeka ti-SI-ni na NA-ne NUK-ta TA-no. Masafa hayo yana mikazo minne, na kipimo cha kawaida cha muziki kina mapigo manne, basi kazi imejirahisisha. Kwenye kipimo cha kwanza, "re" inatangulia kabla ya pigo. DI inaangukia pigo la kwanza, "o" na "fu" zinagawana la pili, LA inachukua la tatu, na "ni" inachukua nusu ya kwanza ya pigo la nne. Nusu iliyobaki inapokea "ti" ya tisini. Kipimo cha pili: SI-ni-na, NA-ne, NUK-ta, TA-no, kila fungu na pigo lake. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika kila pigo ni nusu sekunde, hivyo jina na masafa vinamalizika kwa sekunde 4 na hakuna silabi iliyokimbizwa.

Sasa fanya kosa kwa makusudi ulisikie: weka "re" kwenye pigo la kwanza na "ni" kwenye la tatu. Utaimba RE-dio fula-NI, na hata mzaliwa wa lugha itabidi atulie kidogo kuelewa kilichosemwa. Kwenye redio nafasi hiyo ya kutulia haipo, maana wimbo unaofuata umeshaingia.

Si masafa yote yanayokaa kirahisi hivyo. "Mia moja na nne nukta tisa" ina mikazo mitano, na mmoja unaangukia "n" ya kwanza ya "nne", sauti ambayo mwimbaji hawezi kuifungulia mdomo. Dawa ya kwanza ni kuimba "mia na nne nukta tisa", ambayo inarudi kwenye mikazo minne, na kuipa "nne" noti fupi ya chini. Dawa ya pili ni kuimba jina peke yake, masafa yakatamkwa na sauti ya mtu mmoja. Hiyo ya pili mara nyingi ndiyo bora. Namba ni habari, na habari husikika vizuri zaidi ikisemwa.

Angalia na vokali. "A" na "o" huvutika vizuri, ilhali "i" na "u" zikivutwa kwenye noti ya juu hubana koo na kutoa sauti kama ya filimbi. Ndiyo maana kwenye Fulani tunairefusha LA na kuikata "ni" mapema. Kaulimbiu isizidi maneno manne, na lisiwemo neno ambalo mtangazaji hawezi kulisema mara kumi kwa siku bila kuona haya.

Tuni ya watu wasiojua kuimba

Noti tano hadi saba zinatosha, na zote zikae ndani ya noti sita za ngazi, ili mtu asiye mwimbaji aweze kuziimba akiwa anafua nguo. Kengele za shirika la utangazaji la NBC la Marekani zilikuwa noti tatu tu: so ya chini, mi, kisha do. Mwaka 1950 zilisajiliwa nchini humo kuwa alama ya biashara ya sauti. Noti tatu zilitosha kwa sababu zilipigwa vilevile, kwa mpangilio uleule, miaka nenda miaka rudi.

Kwa Redio Fulani jaribu do, mi, re, mi, so, mi. Noti ya juu kabisa inaangukia silabi LA, penye mkazo mkubwa wa jina. Mi ya mwisho inaacha mlango wazi ili masafa yaje kuufunga kwa kushuka re, do. Ukitaka toleo la jina peke yake, "ni" iimbwe do badala ya mi. Piga tuni hiyo kwa kidole kimoja kwenye kinanda, bila biti. Ikiwa haipendezi hivyo, ngoma hazitaiokoa.

Usiazime tuni ya wimbo unaovuma. Kisheria utakuwa umeingia kwenye mali ya mtu, na hata ukiruhusiwa, msikilizaji ataukumbuka wimbo ule akasahau kituo.

Tuni moja, vipande kumi

Kituo kinahitaji ukoo wa jingo wenye tuni ileile. Kwa kuanzia vipande kumi vinatosha: kimoja cha saa kamili cha sekunde 15 hadi 20, viwili virefu vya sekunde 8 hadi 12, viwili vyenye kati wazi, vitatu vifupi vya sekunde 2 hadi 4, na viwili vya daraja.

Kipande chenye kati wazi huanza kwa kuimba, kinaacha muziki mtupu ili mtangazaji aseme, kisha kinafunga kwa kuimba. Hesabu kama maneno mawili kwa sekunde: uwazi wa sekunde 10 unabeba maneno 20 hivi. Katika uwazi huo ondoa ala zote zinazocheza tuni, maana gitaa au filimbi inayocheza kwenye eneo la sauti ya binadamu itagombana na mtangazaji hata ukiishusha. Bakiza besi, ngoma na sauti pana za nyuma.

Daraja ndilo linalowashinda wengi. Kazi yake ni kumtoa msikilizaji kwenye wimbo wa kasi na kumfikisha kwenye wa taratibu, au kinyume chake, ndani ya sekunde 6 hadi 8. Ukipunguza kasi polepole linasikika kama kinanda kilichoishiwa betri. Tumia uwiano wa tatu kwa mbili. Kutoka mapigo 120 kwenda 80, nusu pigo tatu za kasi ya mwanzo ni sawa kabisa na pigo moja la kasi mpya, yaani robo tatu ya sekunde. Acha ngoma ipige hizo nusu pigo tatu kama kiungo, kisha kasi mpya iingie. Sikio litalipokea bila kushtuka.

Usifunge jingo kwa kodi nene, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, yenye mi ndani yake. Huo mi ndio unaoamua kodi iwe ya furaha au ya huzuni, na wimbo unaofuata unaweza kuwa upande wa pili. Funga kwa do na so tu, au kwa ngoma kavu. Vipande vifupi viimbwe bila ala kabisa, vitapita kati ya nyimbo zozote.

Kurekodi

Waimbaji wanne wanatosha, wawili wa kike na wawili wa kiume. Kila mmoja arekodiwe mara mbili kwa mistari tofauti, upate sauti nane. Si lazima sauti zote ziwe na upatano mgumu: sauti ya kwanza iwe na watu wengi kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo yenye tuni. Upatano ukizidi, jina linazama.

Metronomu, yaani kigongeo cha kuhesabu mapigo, isikike kwenye hedifoni pekee, na hedifoni zifunge masikio vizuri, vinginevyo mlio wake utaingia kwenye maiki na utausikia kwenye vipande visivyo na ala. Maiki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, yenye kichujio cha pumzi. Chumba kikiwa na mwangwi, tundika mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji na ubavuni mwake. Kilele cha sauti kibaki kati ya desibeli -12 na -6, kwa faili za biti 24 (biti hapa ni kipimo cha kompyuta, si ngoma).

Tatizo moja hutokea kila mara kwaya inapoimba masafa: "s" ya "tisini". Watu wanne hawatamki "s" kwa wakati mmoja, hivyo unasikia mfululizo wa miluzi kama nyoka. Mwambie mwimbaji mmoja tu aitamke "s" sawasawa, wengine wailegeze hadi isisikike. Fanya vivyo hivyo kwa "kt" ya "nukta". Kwenye rekodi ya mwisho maneno yatakuwa safi kuliko kila mtu akijitahidi.

Kuchanganya sauti kwa ajili ya redio mbovu

Spika za studio zinadanganya. Msikilizaji yuko na simu, au redio ndogo jikoni, au gari lenye madirisha wazi. Spika ndogo hazitoi besi ya chini kabisa, kwa hiyo tuni ya utambulisho ikichezwa na besi peke yake, kwa wengi haipo.

Kata sauti za waimbaji chini ya hezi 100. Kwenye ala, shusha desibeli 2 au 3 kati ya hezi 2,000 na 4,000, eneo ambalo konsonanti hutambulikia. Kufanya hivyo kunasaidia zaidi ya kupandisha waimbaji. Kisha geuza miksi yote kuwa mono, yaani kulia na kushoto ziunganishwe kuwa sauti moja, na usikilize: vifaa vya kupanua sauti kulia na kushoto vinaweza kufanya pande hizo zifutane, na mara nyingi kinachotoweka ni kwaya.

FM hubeba sauti hadi hezi 15,000 hivi, na kabla ya kurusha hupandisha sauti nyembamba, ambazo redio ya msikilizaji huzishusha tena ili kupunguza mkwaruzo. Kwa hiyo "s" kali na matoazi yaliyokolezwa studio hugonga kikomo cha mtambo na kutoka yamechanika. Tuliza miluzi mapema. Vilevile usiibane jingo kwa kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, hadi iwe tofali, maana mtambo wa kituo utaibana tena na itaanza kuhema. Acha kilele kwenye desibeli -1, na ukubwa wa sauti ulingane na nyimbo zilizomo kwenye maktaba ya kituo.

Kukata, kujaribu, kupanga

Mwanzo wa faili ukatwe karibu kabisa na sauti ya kwanza. Ukimya wa robo sekunde tu mtangazaji atauona kama shimo. Mkia wa mwangwi uachwe sekunde moja hadi moja na nusu, lakini alama ya kuingiza wimbo unaofuata iwekwe kwenye pigo la mwisho, kabla ya mkia.

Jaribio ni hili. Mtafute mtu asiyekijua kituo, cheza jingo mara moja tu kwa simu, bomba la maji likiwa wazi kando yake, mpe kalamu aandike alichosikia. Akikosea jina, rudi kwenye mikazo na silabi, usiongeze sauti. Kesho yake muombe aiimbe tuni bila maneno. Rudia kwa watu watano.

Hewani, kipande kimoja kisirudi ndani ya saa moja. Kirefu kiwe baada ya matangazo ya biashara, kumrudisha msikilizaji kwenye muziki. Vifupi vikae kati ya nyimbo, na kamwe visipande juu ya mtu anayeimba. Ala zikichakaa masikioni, baada ya mwaka au miwili, badilisha biti na uiache tuni.

Ndiyo maana unapaswa kuhifadhi kila mstari wa sauti peke yake, ala mbali na waimbaji, pamoja na kasi na ngazi ya wimbo kwenye jina la faili. Kampuni ya jingo ya PAMS ya Dallas, Marekani, iliendesha biashara kwa mtindo huo: ala zilezile, waimbaji wakaimba jina la kituo kingine juu yake. BBC Radio 1 ilipofunguliwa mwaka 1967 ilikuwa na jingo zilizoimbwa huko. Na mkataba na waimbaji wako useme wazi kwa maandishi kwamba sauti zao zinaweza kukatwa na kupangwa upya, na kwa muda gani, kabla ya mtu kusimama mbele ya maiki.