Somo: Kumfundisha kusoma mwanafunzi mkubwa anayebahatisha maneno

Kijana wa sekondari asiyesoma vizuri mara nyingi herufi anazijua. Kinachomshinda ni neno refu: hushika silabi ya kwanza, zilizobaki akabahatisha. Kumrudisha kwenye kitabu cha darasa la kwanza ni kumdhalilisha bure. Tafuta pengo lake, anzia hapo.

Hatua ya 1. Mpime akiwa peke yake. Mpe maneno 20 ya kubuni, mfano: temu, shado, ng'oki, nyadhu, mbwife. Maneno halisi yatakudanganya, mengi ameshayakariri kwa sura. Andika kila kosa kama alivyolitamka.

Hatua ya 2. Ziba pengo moja moja. Wengi hukwama kwenye ng na ng', th na dh, au konsonanti zilizoungana kama mbw. Anza na sauti, kisha silabi, neno, sentensi. Alichosoma akiandike kwa imla siku hiyohiyo; imla humuumbua aliyekariri.

Hatua ya 3. Vunja maneno marefu. Kazi yenyewe iko hapa, ipe nusu ya kipindi. Chukua "hawatampelekea". Atenge kwanza viambishi vya mbele, ha-wa-ta-m, abaki na "pelekea". Kisha agonge meza kwa kila silabi: ha-wa-ta-m-pe-le-ke-a, mara nane. Ile m ni silabi kamili. Asiyeigongea huimeza, akasoma "hawatapelekea", na anayepelekewa katoweka. Maneno matano hadi manane kwa kipindi yanatosha.

Hatua ya 4. Kasi. Asome kifungu kimoja cha maneno kama 100 mara tatu, kila mara ukihesabu maneno sahihi kwa dakika. Akikosea zaidi ya 10, kifungu hicho hakimfai bado. Mada iwe ya umri wake: mechi, injini, afya.

MASWALI

Anasoma bila kosa ila haelewi. Nifanyeje?
Msomee wewe, kisha muulize. Akielewa kwa kusikia, usomaji wake bado ni mzito. Rudi hatua ya 4. Asipoelewa, shida ni msamiati, au lugha yenyewe.

Darasa langu lina wanafunzi 45, nawagawaje?
Kwa aina ya kosa, si kwa alama za mtihani. Kundi lisizidi sita.

Anachanganya b na d. Ni disleksia (ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma na kuandika)?
Kosa hilo pekee halithibitishi. Fundisha b mpaka ikae, ndipo ulete d. Kuzifundisha pamoja huzidisha mkanganyiko. Macho na masikio yapimwe mapema.